Mfungulieni Upesi

1

Shule yetu ilipohama kutoka bondeni kwenda mlimani, vitu vilihamishwa kwa kufuata cheo. Ilitangulia bendera, ikafuata kengele, wakafuata ng'ombe wawili wa maziwa, halafu Mkuu wa Shule, halafu sisi. Bonde lilikuwa limeanza kuteleza tangu mvua za mwaka juzi. Kila wiki bweni moja lilisogea kuelekea mtoni kwa unene wa kidole, na wahandisi walikuwa wamechoka kuwaeleza wazazi kwamba kidole si kitu.

Kila msichana alipanda na tranka lake, godoro lake, na nusu ya ndoo. Nasema nusu kwa sababu shuleni kwetu Masebule ndoo moja ni ya wasichana wawili. Mnaogea humo kwa zamu, mnafulia humo, na hiyo ndiyo hati ya urafiki, hakuna nyingine. Mkikosana hamtukanani. Mmoja anaiweka ndoo miguuni pa mwenzake, mbele ya watu, na watu wanajua yamekwisha.

Mimi, Tusekile Mwambete, ambaye bwenini naitwa Mheshimiwa, nilikuwa na ndoo ya bluu pamoja na Atupakisye Kasyupa, anayeitwa Wa Kwanza. Aliitwa hivyo kwa sababu hajawahi kuwa wa pili katika foleni yoyote. Kande zikiwa bado mawe sufuriani, yeye tayari amesimama na sahani.

Mikoba ndiyo iliyohamishwa mwisho, na hapo ndipo ninapoingia katika historia.

"Mheshimiwa, njoo hapa," aliniita Mama Anganile, mtunza mikoba wetu. Ni mwanamke mfupi mwenye penseli mbili kwenye nywele, moja ya kuandikia na moja ya kutishia watu. "Wewe unaelewana na mashine, na mimi macho yamechoka. Utanihamishia mikoba mia nne na kumi na miwili. Unajua mkoba ni nini?"

"Ni mama mwenye dakika kumi."

"Jibu kama mtu aliyesoma."

Nikajibu kama mtu aliyesoma. Msichana anapoandikishwa Masebule, mzazi wake hukaa siku tatu mbele ya mashine ya shule akizungumza: anasimulia, anaimba, anagomba, anajibu maswali elfu mbili ya ajabu ajabu. Baada ya hapo huongeza maneno kila anapopata nafasi, kutoka popote kazi ilipompeleka. Jumapili mchana msichana anaingia kwenye kijumba kidogo, anakaa kwenye benchi, mkoba unafunguliwa, na mama au baba anamjibu kupitia tundu la ukutani lenye upana wa sahani. Si simu. Mzazi mwenyewe huenda yuko chini ya ardhi akichimba. Lakini sauti inajibu anavyojibu yeye, inakaripia anavyokaripia yeye, na inacheka mahali pale pale.

"Sasa sikiliza lisiloandikwa kwenye kitabu cha shule," alisema Mama Anganile. "Mkoba mmoja ni mafaili mawili. Kuna faili la sauti, kubwa, lenye yote aliyosema mzazi. Na kuna mlinzi, faili dogo kama punje ya ulezi. Mlinzi ndiye anayemjua mtoto. Sauti bila mlinzi inakumbuka kila kitu kuhusu mwanawe, ila haijui kwamba aliyekaa mbele yake ndiye. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Na mlinzi naye anaitambua sauti yake kwa vitu viwili tu: jina la faili, na mahali faili lilipo. Kwa hiyo unahamisha sauti moja, unamwonyesha mlinzi wake makao mapya, anaitikia, ndipo unagusa inayofuata. Moja moja. Na jina hubadilishi hata nukta."

"Majina nani aliyaweka?"

"Wazazi, siku yao ya mwisho mbele ya mashine. Watoto hawayaoni. Na wewe hukuyaona."

Niliapa. Nina kipaji cha kuapa.

2

Mashine mpya ya mlimani ilikuwa na jambo moja ambalo ile ya bondeni haikuwa nalo. Mkoba ukiwa tayari, iliweza kutangaza jina la faili barazani kupitia spika, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo. Mama Anganile aliagiza jambo hilo lizimwe. Likazimwa. Mimi nikaliwasha.

Niliiona Jumapili kama vile imekwisha kufika. Wasichana mia nne kwenye foleni, na spika ikitangaza kwa majonzi: "Mama wa Mla Sabuni, yuko tayari." Kisha: "Baba wa Jenerali wa Usingizi, yuko tayari." Niliwaona wenzangu wakigaagaa sakafuni. Niliwaona njuka, wasichana wageni, wa miaka ishirini ijayo wakihadithiwa habari zangu siku yao ya kwanza bwenini.

Kwa hiyo kazi ya siku nne niliimaliza kwa saa mbili. Nilizihamisha sauti zote kwa mkupuo mmoja, na walinzi wote kwa mkupuo wa pili. Mashine ya bondeni niliifuta, kama ilivyoagizwa ifutwe kazi ikiisha. Kisha nikakaa na kikombe cha uji, nikaanza kuyafuta majina yaliyoandikwa na wazazi na kuweka yale tunayoitana bwenini. Orodha ya majina ya zamani niliichana, kwa sababu mhalifu mwenye akili haachi ushahidi. Naomba sentensi hiyo isomwe polepole.

Majina mengi ya wazazi yalikuwa makavu, jina la mtoto na mwaka. Machache yalikuwa na chumvi. Nilipofika kwa Atupakisye nilisimama.

Mama yake alifariki Machi ya mwaka jana, kwa homa iliyomchukua siku sita. Ilikuwa miezi kumi na minne sasa hakuna aliyeongeza neno katika faili lile. Jina lake lilikuwa refu mno. Mama wa watu aliandika kana kwamba anamwandikia barua mtu wa ofisini. Nililisoma nikacheka kwa nguvu, peke yangu, mpaka uji ukamwagika. Halafu nikaacha kucheka, na sikujua niyapeleke wapi macho yangu.

Sikuweza kumpa jina la mzaha. Lakini faili lingebaki na jina lake peke yake kati ya mia nne, watu wangeuliza. Nikaandika kwa adabu zote: Mama wa Rafiki Yangu. Nilijisikia mtu mwema sana. Nataka hilo nalo liandikwe mahali.

3

Jumapili, bila shaka yoyote, wa kwanza kwenye foleni alikuwa Wa Kwanza.

"Mama wa Rafiki Yangu," spika ilisema kwa huzuni, "yuko tayari."

Atupakisye aligeuka. Alinitafuta kwa macho katika foleni nzima mpaka akanipata, akatabasamu kwa upande mmoja, kama mtu anayesema nitakushughulikia baadaye. Akaingia.

Mlango wa kijumba ulikuwa haujafunga vizuri. Sote tulisikia sauti ya mlinzi, tambarare, isiyo ya mtu: "Sikutambui. Yamebaki majaribio mawili."

Mtu mwingine angetoka nje akauliza. Atupakisye hawezi kusubiri. Akabonyeza tena.

"Sikutambui. Limebaki jaribio moja."

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa ndani ya kijumba nimemshika kifundo cha mkono, kidole chake kikiwa juu ya kitufe, na yeye ananitazama kama kichaa.

"Usibonyeze, Atu."

"Mama hajanijua," alisema. "Tusekile, mama hajanijua."

Hakuna aliyecheka Jumapili ile. Mikoba yote mia nne na kumi na miwili ilikuwa imefungwa. Mama Anganile alitoka ofisini, akaitazama spika, akayatazama majina kwenye kioo cha mashine, kisha akachomoa penseli ya kutishia watu na kuielekeza kwangu bila kuuliza lolote.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya kuwatafuta wazazi mmoja mmoja, ili kila mmoja aiambie mashine: ni mimi, faili langu sasa linaitwa hivi, liko hapa, na mtoto ni yule yule. Ilikuwa kazi ya dakika mbili kwa mzazi na dakika ishirini za kunisema. Mama yangu anaendesha treni ya mizigo. Alipopatikana alisema mbele ya ofisi nzima, "Tusekile, nimesimamisha mabehewa sitini ya shaba ili niiambie mashine kwamba mimi ni mama yako. Na nimeona aibu kusema ndiyo." Mwalimu wa nidhamu alinipa zizi la ng'ombe kwa muhula mzima. Nililipokea kama mtu anayekabidhiwa wizara.

Kufikia Alhamisi mikoba mia nne na kumi na moja ilikuwa imefunguka.

4

"Unalikumbuka jina?" aliniuliza Mama Anganile. Tulikuwa wawili tu ofisini, mchana, na ukungu ulikuwa umekaa dirishani.

"Nakumbuka maana yake."

"Mlinzi hataki maana."

"Lilikuwa linasema, mwanangu hapendi kusubiri, mfungulieni upesi. Au lilianza na mfungulieni upesi. Na kulikuwa na tafadhali mahali fulani. Au jamani. Mama, nililisoma mara moja tu, nilikuwa nacheka."

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

"Jaribio limebaki moja," alisema. "Ukirudisha jina lenyewe, nitamwonyesha mlinzi mahali papya, naye atamfungulia, na kila kitu kitakuwa kama zamani. Ukikosea, mlinzi anaifuta sauti. Ndivyo alivyofundishwa, ili wezi wasije wakabahatisha. Mzazi angekuwa hai tungemuuliza."

"Njia nyingine hakuna?"

"Ipo. Kumfuta mlinzi na kumweka mpya. Sauti itabaki nzima, neno kwa neno. Ila mlinzi mpya ni mtupu. Sauti ya kwanza atakayoisikia akiwashwa, hiyo ndiyo atakayoifungulia siku zote. Lakini hatamjua kuwa ni mtoto. Atamjua kuwa ni mtu aliyekuja. Mama yake atamkaribisha kama mgeni."

Mama Anganile aliizungusha penseli mezani.

"Na kuna ya tatu," alisema kwa sauti ya chini. "Mlinzi mpya anaweza kufundishwa kwa maandishi kabla hajawashwa. Anaandika mtu anayemjua mtoto vizuri: anavyopumua, anavyocheka, anavyonuna. Ukiandika sana, mama atamwitikia kama wa kwake. Niliwahi kufanya, kule bondeni. Mtoto alifurahi, na hajui mpaka leo. Ameshaolewa. Nikimwona sokoni na watoto wake, navuka barabara."

"Sasa lipi ndilo sawa?"

"Ningekuwa najua, nisingekuwa navuka barabara."

Nilichukua karatasi.

Niliandika Alhamisi ile na Ijumaa mchana, kipindi cha kujisomea, nikiwa nimeifunika karatasi kwa kitabu cha jiografia. Niliandika kwamba akitaka kusema uongo huvuta pumzi mara mbili. Kwamba hawezi kumaliza wimbo wowote. Huuacha kwenye kiitikio na kuanza mwingine. Kwamba hulala kitanda cha chini na mimi cha juu, na akikosa usingizi hugonga chaga za kitanda changu mara mbili kwa dole gumba la mguu, nami hujibu mara moja, na hatulizungumzii asubuhi. Kwamba akilala chali hukoroma kidogo, kama maji yanayotaka kuchemka. Kwamba tangu Machi ya mwaka jana akipewa ndizi mbivu hula nusu, nusu ya pili huiweka kwenye tranka, na hiyo hailiwi na mtu.

Mistari sitini na moja. Sijawahi kuandika insha ndefu hivyo bila kuzidisha chumvi.

Nilipoisoma tangu mwanzo niliona kosa lake. Mama yake alimwacha akiwa njuka, mwenye sauti nyembamba na sweta linalofunika vidole. Kugonga chaga hakukujua. Ndizi za kwenye tranka hakuzijua, asingeweza kuzijua. Nilikuwa nimemwandika msichana wangu mimi, na nilikuwa karibu kumpa mama wa watu na kumwambia, huyu ndiye, mpende. Naye angempenda. Hilo ndilo lililonitisha. Angempenda bila swali, na Atupakisye angetoka kwenye kijumba anacheka, na mimi ningekuwa na umri wa miaka kumi na sita na barabara ya kuvuka maisha yangu yote.

5

Nilimkuta kwenye bomba, Ijumaa jioni jua likiwa bado kali, anafua. Ndoo yetu ya bluu ilikuwa imejaa povu.

"Mheshimiwa," alisema bila kuinua kichwa, "mkoba wangu ni wa kwanza kuharibika na wa mwisho kutengenezwa. Hii ni nchi gani?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kwa mpangilio, mpaka la tatu na karatasi niliyoiandika. Alikuwa ameshika sweta lake mikononi, akalikamua, akalikamua tena, akaendelea kulikamua wakati maji yalikuwa yameisha zamani.

"Ulicheka?" aliuliza.

"Nilicheka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni kweli. Hupendi kusubiri."

Mdomo wake ulianza kutabasamu, yeye mwenyewe akiwa hajauruhusu. "Aliandika hivyo? Mfungulieni upesi?"

"Aliandika. Kwa adabu. Kama anamwomba bwana mkubwa."

Alitazama mbali, kule mawingu yanapokaa juu ya mashamba ya chai. Kisha tabasamu likaondoka. Akamwaga povu, akaisuuza ndoo, akaikung'uta, akaja akaiweka miguuni pangu. Wasichana wote kwenye kamba za nguo walinyamaza. Hata maji ya bomba, naapa, yalipungua.

"Atu."

"Hiyo karatasi unayo?"

Nikampa. Akaipachika kiunoni, akachukua sweta lake, akaenda.

Jumamosi asubuhi nilikuwa zizini, nimezama katika wizara yangu mpaka vifundo, aliposimama mlangoni na karatasi mkononi.

"Mstari wa kumi na nne ni uongo," alisema. "Sikoromi."

"Unakoroma."

"Mheshimiwa, nyamaza. Sijaja kuongea na wewe, nimekuja kutoa taarifa." Akaikunja karatasi mara nne. "Sibahatishi jina. Tukikosea, wewe utasema pole, na Mama Anganile atasema pole, na mimi nitabaki na pole mbili. Na hii siitumii. Mama akinijua kwa maneno yako, atakuwa ananijua mimi au anakusikiliza wewe?"

Ng'ombe mmoja alikohoa.

"Weka mlinzi mtupu. Nitajitambulisha mwenyewe. Siogopi," alisema, na kabla ya neno la mwisho alivuta pumzi mara mbili.

Karatasi hakunirudishia.

6

Kumwasha mlinzi mpya hufanyika ndani ya kijumba, kwenye kibodi ndogo iliyo chini ya benchi. Jumapili ilipofika Mama Anganile alisema macho yake hayaoni herufi zake, kwa hiyo niwashe mimi. Nadhani macho yake yalikuwa yanaona vizuri siku ile.

"Utaingia naye, utawasha, utakaa kimya," alinionya. "Mlinzi atachukua sauti ya kwanza. Ukikohoa, mama wa mwenzako atakuwa wako."

Wanaonijua waelewe maana ya agizo hilo. Mimi nimewahi kuzungumza ndani ya mtihani wa kimya. Nilijaza ncha ya skafu mdomoni, nikapiga magoti chini ya benchi, nikabonyeza. Taa ya kijani ikawaka. Tundu la ukutani likatoa mvumo mdogo, kama chumba ambacho mtu ameingia.

Atupakisye alikuwa amekaa wima, mikono mapajani. Hakusema kitu.

Nilihesabu kumi. Nilihesabu ishirini. Msichana asiyeweza kusubiri ugali alikuwa anasubiri, na sikujua anasubiri nini.

"Nani?" sauti ilisema ukutani. Ilikuwa sauti ya mwanamke, yenye kukwaruza kidogo, sauti ya mtu ambaye ameimba sana kwaya au amewaita sana watoto. "Kuna mtu hapo?"

Atupakisye alifumba macho.

"Nasikia mtu anapumua," ilisema. "Mbona hasemi? Una shida, mwenzangu?"

Nilitaka kujibu. Sijawahi kutaka kitu hivyo. Kila mfupa wangu ulikuwa umejaa neno, ndiyo, yupo, ni yeye. Niliuma skafu mpaka nikaonja sabuni.

"Shikamoo," alisema Atupakisye.

"Marahaba." Taa ya kijani ilipepesa mara moja ikatulia, mlinzi alikuwa amempata wake. "Karibu. Nani wewe?"

"Atupakisye."

"Loo! Kama binti yangu." Sauti ilichangamka. "Wa kwangu ameingia bwenini juzi juzi tu. Kidato cha kwanza. Mtoto hawezi kusubiri huyo, sijui alizaliwa njiani! Hata maji ya chai hayajachemka, yeye kikombe mkononi."

Atupakisye alicheka, na kicheko kikapasuka katikati. "Bado hawezi, mama."

"Unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Anakula huko?"

"Anakula. Anakula sana. Sweta lile ulilomnunulia limekuwa fupi, linaishia hapa." Akaonyesha kiwiko, kana kwamba tundu lina macho.

"Umejuaje habari za sweta?"

"Kwa sababu ni mimi, mama. Ni langu."

Kimya kilichofuata sitaki kukipima. Mashine inapotafuta jibu hulipata kabla hujapepesa jicho. Hii ilikaa.

"Sauti yako siyo yake," mama alisema hatimaye, polepole, bila ubaya. "Yake nyembamba."

"Imekua."

"Na husemi kama yeye. Yeye hukata maneno."

"Nimejifunza kuyamaliza. Mengine."

"Mh." Ilikuwa *mh* ndefu, ya mtu anayeinua taa amtazame mgeni usoni. "Haya. Nisikudanganye, sijakujua. Lakini mtoto hasimamishwi mlangoni. Kaa, mwanangu. Nina nafasi. Anzia mwanzo, siku ulipofika shuleni, uniambie yote, nami nitasikiliza."

Alisema mwanangu kama anavyoitwa mtoto yeyote wa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Atupakisye alilipokea hivyo hivyo lilivyo, hakulivuta.

Akaanza kusimulia. Alisimulia foleni ya kujiandikisha, na kande, na bonde lililosogea kwa kidole. Alifika kwenye siku sita za homa na kuzipita bila kusimama, na mama hakuuliza. Alisema kuna msichana anayelala kitanda cha juu. "Rafiki yako?" mama aliuliza. Atupakisye alinitazama pale chini ya benchi na skafu yangu mdomoni, macho yamenivimba. "Tumekosana," alisema. "Ni mpumbavu sana." "Basi angalia asikae na njaa," alisema mama, na wakaendelea na mengine.

Dakika kumi zilipokaribia kwisha taa ilianza kufifia.

"Jumapili nyingine utakuja?" mama aliuliza.

"Nitakuja."

"Usiwe na haraka. Huko kwenu nasikia kuna foleni."

"Mimi huwa wa kwanza, mama."

"Mh," sauti ilisema tena, fupi zaidi kuliko ile ya kwanza. Taa ikazima.

Nje, Mama Anganile alikuwa na daftari mkononi na kalamu ya wino. "Safari hii tunafuata utaratibu," alisema. "Sauti kwanza, mlinzi anaitikia, jina linaandikwa hapa kwa wino wa kudumu. Faili la mama yako tuliite nani?"

Foleni nyuma yetu ilikuwa inanung'unika. Atupakisye alifikiri kwa muda mrefu, jambo ambalo lilianza kunitia wasiwasi juu ya afya yake.

"Liache lilivyo," alisema. "Mama wa Rafiki Yangu."

"Una hakika? Unaweza kuweka lako."

"Bado hatujafika huko. Ndiyo kwanza tunafahamiana."

Mama Anganile aliandika. Mkono wake ulikuwa wa taratibu, herufi moja baada ya nyingine, na alipomaliza alilisoma kwa sauti, nami nikalirudia, naye Atupakisye akaitikia.

Tuliteremka kuelekea mabwenini, yeye mbele, mimi hatua tatu nyuma kama inavyompasa mtu asiye na mwenzake wa ndoo. Alipofika bombani alisimama, bila kugeuka.

"Ndoo iko wapi?"

"Zizini. Nilikuwa nanyweshea ng'ombe."

"Ioshe."

"Nitaiosha."

"Mara mbili, Tusekile."

Niliiosha mara tatu, na sikumwambia mtu.